Kozi ni ya Bure, Mwalimu Je?

Mwaka 2012 dunia ilisimuliwa habari za kijana wa Mongolia, Battushig Myanganbayar. Alikuwa na miaka 15, akiishi Ulaanbaatar, na alijisajili katika kozi ya saketi na elektroniki iliyotolewa bure mtandaoni na chuo cha MIT cha Marekani. Waliojisajili walikaribia 155,000. Waliofika mwisho na kufaulu walikuwa kama 7,000, na waliopata alama zote bila kukosa hata moja walikuwa 340 tu. Battushig alikuwa mmoja wao. Baadaye MIT ilimpokea awe mwanafunzi wake, na kwa muda mrefu kila mtetezi wa elimu ya mtandaoni alipopewa kipaza sauti alimtaja.

Kisa ni cha kweli, ila kilizoea kusimuliwa nusu. Mkuu wa shule aliyosoma Battushig, Enkhmunkh Zurgaanjin, alikuwa Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT. Ndiye aliyeamua kuileta kozi ile shuleni kwake, akawakusanya vijana wakaisoma pamoja, kisha akamwita rafiki yake aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Rafiki huyo alisafiri na masanduku ya vifaa vya maabara, ili wanafunzi waunganishe waya kwa mikono yao badala ya kuzitazama kwenye kioo. Pamoja na msaada wote huo, baadhi ya wanafunzi waliacha njiani.

Kwa hiyo yule kijana aliyetangazwa kuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kujisomea peke yake na kompyuta, hakuwa peke yake hata kidogo. Alikuwa na mwalimu aliyewahi kupita njia ileile, alikuwa na wenzake, alikuwa na maabara na ratiba. Wote waliojisajili walipewa video zilezile alizopewa yeye, na bado karibu wote hazikuwafikisha alikofika.

Mimi naamini mjadala wetu kuhusu kozi za bure unakwama hapo. Tunaendelea kushangilia kwamba masomo yamefunguliwa, kana kwamba uhaba bado uko kwenye masomo. Hauko huko tena. Leo mtu wa Tabora mwenye simu janja anaweza kufungua mihadhara ya kalkulasi ya vyuo vikubwa, mingi kuliko atakayoweza kuimaliza maisha yake yote. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye anapokwama kwenye mhadhara wa tatu, na mtihani ambao mwajiri wa hapa atauheshimu.

Ahadi ilikuwa kubwa, na haikuwa ya kijinga. Mwaka 2001 MIT ilitangaza kwamba itaweka bure mtandaoni maandalio ya masomo yake, wakati vyuo vingine vilikuwa vikitafuta namna ya kuyauza. Mwaka 2008 wahadhiri wawili nchini Kanada, George Siemens na Stephen Downes, waliendesha kozi yenye wanafunzi kama 25 waliolipa ada Chuo Kikuu cha Manitoba na zaidi ya 2,000 waliojiunga bure kutoka kokote. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la MOOC, yaani kozi huria ya mtandaoni kwa umati. Lakini kishindo kilikuja mwishoni mwa 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungua kozi yao ya akili bandia ya Stanford na watu 160,000 wakajisajili. Ndani ya miezi michache ya 2012 yakaanzishwa majukwaa ya kozi za mtandaoni: Udacity ya Thrun mwenyewe, Coursera na edX, na gazeti la New York Times likauita mwaka ule mwaka wa MOOC. Thrun alifika mahali pa kutabiri kwamba baada ya miaka 50 dunia ingebaki na taasisi 10 tu za elimu ya juu.

Jaribio lililomtuliza lilifanyika karibu na kwao. Mwanzoni mwa 2013 Udacity iliingia mkataba na chuo cha umma cha San Jose State, California, kufundisha kozi za hisabati na takwimu kwa dola 150 kila moja. Gavana wa jimbo, Jerry Brown, alikuwepo siku ya kutangaza. Kati ya waliosajiliwa walikuwemo wanafunzi waliokwisha kuanguka somo hilo na vijana wa sekondari kutoka mitaa maskini, baadhi yao bila kompyuta ya uhakika nyumbani. Katika kozi ya kuziba mapengo ya hisabati, waliofaulu hawakufika hata theluthi moja. Kufikia Julai mpango ulisimamishwa. Awamu ya pili, iliyokuwa ikiendelea kiangazi kile, ilionyesha matokeo mazuri zaidi, ila zaidi ya nusu ya waliosoma awamu hiyo tayari walikuwa na shahada. Mwaka haukuisha kabla Thrun mwenyewe hajaliambia jarida la Fast Company kwamba bidhaa yao ilikuwa mbovu.

San Jose hainiambii kwamba kompyuta haifundishi. Inaniambia nani anafundishika kwa njia hiyo bila msaada: aliyekwisha kufundishwa. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza karibu wanafunzi 35,000 wa kozi zao za Coursera, wakakuta asilimia 83 tayari wana shahada au stashahada. Kwa wanafunzi wa Brazil, China, India, Urusi na Afrika Kusini, karibu asilimia 80 walitoka katika tabaka la asilimia 6 ya watu wenye mali na elimu zaidi nchini mwao. Mlango uliwekwa wazi kwa wote, wakaingia waliokuwa wamekwisha kukaa sebuleni.

Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua kozi za MIT na Harvard kwenye edX za miaka sita, waliandika katika jarida la Science mwaka 2019 kwamba katika mwaka wa masomo 2017-18 waliomaliza walikuwa karibu asilimia 3 ya wote waliojisajili, na kwamba kiwango hicho hakikuwa kimepanda kwa miaka yote ile. Wengi walioanza mwaka mmoja hawakurudi mwaka uliofuata.

Watetezi wana jibu, na si jibu la kudharauliwa. Wanasema kujisajili bure si sawa na kulipa ada. Mtu anaingia kuchungulia, anachukua somo moja analolihitaji kazini, anaondoka, na amefaidika. Kweli kabisa. Mhasibu anayetaka kujua namna ya kutengeneza jedwali fulani hana haja ya cheti cha wiki 10. Lakini angalia huyo anayechungulia ni nani: ni mhasibu. Ana kazi, ana msingi, anajua anachokitafuta. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata daraja la nne hajui achukue somo lipi kati ya maelfu, na akichagua vibaya hana wa kumwambia. Kwake asilimia 3 ina maana nyingine kabisa.

Kisha likaja suala la fedha. Kampuni zilizoanza kwa kugawa bure zilikuwa na wawekezaji, na mwekezaji hali kwa macho. Hatua kwa hatua vyeti vikawekewa bei, kisha kazi za kusahihishwa na mitihani navyo vikawekwa nyuma ya malipo, ikabaki video. Coursera iliingia soko la hisa la New York Machi 2021. Mwaka huohuo Harvard na MIT waliiuza edX, iliyoanzishwa bila lengo la faida, kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Miaka mitatu baadaye, Julai 2024, 2U iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Siwalaumu kwa kutafuta faida. Seva zina gharama na wahadhiri wanakula. Ninacholaumu ni sisi wa huku kuchanganya vitu viwili. Maandalio ya MIT ya 2001 yana leseni huria ya Creative Commons. Mwalimu wa Songea anaweza kuyapakua, kuyatafsiri, kubadilisha mifano ya dola iwe ya shilingi na kuwachapishia wanafunzi wake, alimradi asiyauze, ataje yalikotoka na kazi yake aiachie wengine kwa masharti yaleyale. Kozi ya bure ya jukwaa la kibiashara haimpi haki hiyo. Anaalikwa kutazama, basi. Mwenye jukwaa akibadili bei, au serikali yake ikimwamuru afunge, mtazamaji hana la kufanya. Januari 2014 wanafunzi wa Coursera waliokuwa Sudan, Iran na Cuba waliingia kwenye kozi zao na kukuta mlango umefungwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Hawakuwa wamekosa lolote. Wakati UNESCO inapitisha pendekezo lake la nyenzo huria za elimu, Novemba 2019, jambo hili la haki ya kunakili na kubadilisha ndilo lililokuwa kiini chake, na kwa maoni yangu ndilo ambalo wizara zetu zingepaswa kuliuliza kwanza kabla ya kupiga picha za kusaini makubaliano na jukwaa lolote.

Sisi tuliwahi kuendesha kozi ya bure ya umma iliyowapita kwa mbali akina Thrun kwa idadi, tena bila kompyuta hata moja. Ilikuwa 1973. Iliitwa Mtu ni Afya.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu njia hiyo kwa udogo, hasa katika kampeni ya Wakati wa Furaha iliyoambatana na miaka 10 ya uhuru. Safari hii ikalenga nchi nzima. Vipindi vilirushwa na Radio Tanzania kwa wiki 12, vikizungumzia malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Ukiishia hapo utadhani ni habari ya redio, na ndivyo hadithi za teknolojia zinavyopenda kusimuliwa. Lakini redio ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ilikuwa kuandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, mafunzo yakishuka ngazi kwa ngazi kutoka taifa hadi kijijini, na kuchapa vitabu vya kutosha kwa Kiswahili ambacho mtu aliyejifunza kusoma juzi angekimudu.

Kikundi kilikaa pamoja, kikasikiliza kipindi. Redio ikizimwa, mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sura ya kitabu kwa sauti. Wakajadili: haya yaliyosemwa yapo hapa kwetu? Kisha wakaamua la kufanya, na likafanywa. Vyoo vilichimbwa kwa malaki, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Kama tungeipima kwa vipimo vya leo, mazoezi ya kozi ile yalikuwa shimo la choo, na msahihishaji alikuwa jirani.

Sitaki kuipamba. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, na balozi wa nyumba kumi akikwambia kikundi kinakutana leo, haikuwa rahisi kusema una udhuru. Kampeni ile haikutoa cheti wala haikumpandisha mtu cheo. Ilihusu jambo moja ambalo kila kaya ilikuwa na sababu ya kulijali, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu kalkulasi. Hata hivyo walioipanga walikuwa wamejua kitu ambacho Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia za Marekani, ilikuja kukigundua kwa hasara miaka 40 baadaye: sauti inaweza kusafiri bure hadi kila kijiji, lakini kujifunza kunatokea pale watu wanapokaa, na kukaa huko lazima kupangwe na mtu.

Anayedhani hiyo ni historia ya redio za mbao aende Kigali. Mwaka 2013, wakati San Jose wanasimamisha mpango wao, programu ya Kepler ilianza na kundi dogo la wanafunzi kwa mpango wa mchanganyiko: masomo kutoka mtandaoni, shahada kutoka Southern New Hampshire University ya Marekani, na katikati yake walimu waliokaa nao darasani Kigali kila siku, wakiwafundisha Kiingereza, kuandika, kuongea mbele ya watu na kutafuta kazi. Mwaka 2015 wakafungua tawi katika kambi ya Kiziba, magharibi mwa Rwanda, wanakoishi wakimbizi waliotoka Kongo. Mkimbizi wa Kiziba aliyepata shahada hakuipata kwa sababu intaneti ya kambini ilikuwa na kasi. Aliipata kwa sababu kulikuwa na chumba, kompyuta, umeme, mtu wa kumuuliza jana ulikuwa wapi, na chuo kilichokubali kuweka jina lake kwenye karatasi.

Mpango wa namna hiyo ni ghali kuliko video. Hiyo ndiyo sababu wafadhili huupenda kama jaribio na kuukwepa kama sera.

Kuhusu bando sitasema mengi, kila msomaji anajua. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya Waafrika wanatumia intaneti, wakati wastani wa dunia ni asilimia 68. Saa moja ya video humeza mamia ya megabaiti, na kozi moja ina saa nyingi. Lakini hili ndilo tatizo lenye majibu mengi kuliko yote. Programu ya kompyuta iitwayo Kolibri huwezesha shule kuhifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa darasani bila intaneti kabisa. Nchini Kenya, kampuni ya Eneza imetuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kwenye simu za kitochi kupitia huduma yake ya Shupavu 291. Fundi yupo, vifaa vipo.

Lugha ni ngumu zaidi. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari kwa Kiingereza, na wengi hutoka na Kiingereza cha kujibu mtihani kuliko cha kusikiliza profesa wa Boston anayetania kwa haraka. Manukuu ya kutafsiriwa na mashine yanasaidia kidogo, ila mfano wa ushuru wa nyumba za Marekani hauwi wa kwetu kwa kuandikwa Kiswahili. Walimu wa walimu walilielewa hili mapema. Mradi wa TESSA, ulioanza 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ulitoa nyenzo za kufundishia kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, zikiwa na leseni inayomruhusu mwalimu kuzibadilisha kufuata darasa lake. Shule Direct ya Dar es Salaam nayo iliandaa masomo ya sekondari kwa kufuata mtaala wa Tanzania. Hayana mvuto wa jina la Harvard. Yanajibu maswali ambayo mtoto ataulizwa Novemba.

Siku hizi naambiwa hoja yangu imepitwa, kwamba akili bandia ndiyo itakuwa huyo mwalimu wa kukaa na mwanafunzi. Huenda ikajibu swali saa nane usiku, na hilo si dogo. Ila lazima mtu awe amekwisha kuuliza. Walioacha kozi hawakuacha kwa kukosa majibu. Waliacha kimya kimya, na hakuna aliyewafuata.

Linabaki la cheti. Hapa upo mfano mmoja ninaouheshimu. MIT ina programu ya mtandaoni ya takwimu, uchumi na sera, iliyoanzishwa na wachumi wakiwemo Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Kusoma ni bure. Anayetaka hati hulipa ada iliyopangwa kwa kuangalia kipato chake, anafanya mtihani unaosimamiwa, na akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada ya uzamili ya MIT yenyewe, ambako masomo aliyofanya mtandaoni yanahesabiwa. Kundi la kwanza liliingia chuoni mwanzoni mwa 2020. Ubora wa mpango huo hauko kwenye video. Uko kwenye mtihani ambao mwenye chuo mwenyewe anauamini.

Je, nani hapa anaweza kufanya hivyo? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kina vituo mikoani ambavyo tayari hupokea wanafunzi wa masafa na kusimamia mitihani. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ni zaidi ya 50 na vimetapakaa wilayani. Maktaba za mikoa zina meza na viti. Kinachohitajika ni kuchagua kozi chache, tuseme tano, zenye leseni huria na zinazohusu kazi zilizopo: hisabati ya msingi, uhasibu wa biashara ndogo, takwimu, programu za kompyuta, Kiingereza cha kazini. Zitafsiriwe na kubadilishwa mifano. Kila kituo kiwe na kikundi kinachokutana Jumamosi, na mwisho wa miezi minne pawe na mtihani wa kukaa chumbani unaosimamiwa na Chuo Huria, ambao mwenye kuufaulu atahesabiwa alama zake akija kuomba cheti au stashahada. Kozi tano tu. Si maktaba ya dunia nzima.

Katika mpango wa namna hiyo masomo hayana bei, na kompyuta kumi za kituo hununuliwa mara moja. Gharama inayorudi kila wiki ni posho na nauli ya kiongozi wa kikundi. Nimesoma maandiko ya miradi ya elimu ya kidijitali ya kutosha kujua kwamba kipengele hicho, kikiwahi kuandikwa kabisa, ndicho cha kwanza kufutwa bajeti inapopunguzwa, na fedha yake huhamishiwa kwenye vishikwambi.